Kamera ya Joto kwenye Kisiwa cha Joto

Kabla ya lami, barabara ya Kilindoni kwenda Utende ilikuwa na trafiki wake: mashimo. Dereva aliyetaka kukimbia usiku alirudishwa adabu na springi zake mwenyewe. Kipande hicho cha kilomita 14 hivi, kinachounganisha makao makuu ya Wilaya ya Mafia na ghuba ya Chole, kiliwekwa lami katika miaka ya 2010, na kwa mchana ni neema isiyo na ubishi. Usiku ni habari nyingine. Lami iliongeza mwendo wa gari bila kuongeza urefu wa mwanga wa taa zake. Ipo teknolojia inayodai kuliziba pengo hilo, nayo ni kamera za infraredi zinazofungwa kwenye magari ili dereva aone gizani. Kwa Mafia, dai hilo ni kweli nusu, na nusu iliyo kweli naona haiko barabarani.

Hesabu kwanza. Taa za chini za gari la kawaida humwezesha dereva kumwona mtu aliyevaa nguo za giza akiwa mita 40 hadi 60 hivi mbele yake. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva aliye makini, asiye na usingizi wala simu mkononi, huhitaji kama sekunde moja na nusu kuona, kuelewa na kukanyaga breki. Mita 33 zimeliwa kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Lami ikiwa kavu na matairi yakiwa mazima, breki zenyewe zitataka mita nyingine 36 hivi. Jumla inakaribia 70. Anayekwenda kilomita 80 kwa taa za chini, basi, hawezi kusimama ndani ya umbali anaouona. Akishuka hadi 50, hesabu yote inarudi kwenye mita 35, na hapo ana nafasi ya kumnusuru aliye mbele yake.

Na walio mbele yake ni wengi. Mafia haifuati saa za ofisi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huvuta dagaa vizuri zaidi mwezi usipokuwepo, kwa hiyo wanaume wanaoteremka pwani na kupanda kutoka pwani hufanya hivyo hasa katika usiku wenye giza kuliko mwingine wote wa mwezi. Wavuvi wengine hufuata maji kujaa na kupwa, ambayo hayamsubiri mtu apate usingizi. Ramadhani ikiingia, njia hujaa watu wa tarawehe, kisha wa daku. Baiskeli zilizobeba samaki au nazi hupita bila taa, na ng'ombe waliozoea kulishwa chini ya minazi hujilaza kwenye lami kwa kuwa lami ina vuguvugu. Ukishatoka Kilindoni, taa za barabarani zinakwisha.

Kuna jambo moja la kimaumbile ambalo madereva wa usiku wanalijua kwa uzoefu hata kama hawajalisoma. Ng'ombe, paka na komba wana tabaka nyuma ya retina linalorudisha mwanga, ndiyo maana macho yao hung'aa taa zikiwapiga. Binadamu hana tabaka hilo. Komba aliye juu ya mnazi anaweza kuonekana mapema kuliko mvuvi anayetembea katikati ya barabara na kikapu kichwani. Mvuvi huyo naye ana tatizo lake: kwa kuwa anaziona taa za gari waziwazi, anaamini dereva naye anamwona. Watafiti wamelipima hilo tangu miaka ya 1970 na kukuta kwamba watembea kwa miguu hujikadiria wanaonekana kutoka mbali kuliko ilivyo.

Sasa tuje kwenye infraredi. Mwaka 1800 mwanaastronomia William Herschel, akiwa Uingereza, aliupitisha mwanga wa jua kwenye kipande cha kioo cha pembetatu ukagawanyika rangi, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Kipimajoto kilipanda. Mionzi hiyo isiyoonekana ndiyo inayotumika leo, ila magari huitumia kwa njia mbili ambazo watu huzichanganya, na tofauti yao ndiyo inayoamua kila kitu nitakachosema hapa chini.

Njia ya kwanza ni ya kumulika. Gari hufungwa taa za infraredi ya karibu, yaani iliyo jirani na nyekundu, ambayo macho ya watu hayaioni, pamoja na kamera inayoiona. Ni sawa na kuwasha taa kali bila kumpofusha anayekuja. Picha yake inafanana na video ya usiku ya kamera za ulinzi: unaona mistari ya barabara, vibao, gogo, lori lililoegeshwa. Umbali wake ni kama mita 150. Njia ya pili haimuliki chochote. Kamera hupokea tu joto ambalo kila kitu hutoa, kwenye mawimbi marefu ya maikromita 8 hadi 14, na mwili wa binadamu hutoa kwa wingi zaidi kwenye maikromita tisa na nusu hivi. Kamera ya namna hii humwona mtu hata akiwa mita 300. Tatizo lake la kwanza ni la ufundi: kioo cha kawaida huzuia mawimbi hayo, kwa hiyo haiwezi kukaa ndani nyuma ya kioo cha mbele. Hufungwa nje, kwenye shoo ya mbele au karibu na bampa, na lenzi yake hutengenezwa kwa jerimaniamu au kitu cha jamii hiyo, ambacho hakinunuliki kwa bei ya kioo.

Jeshi lilitangulia, kama kawaida. Mwaka 1945 Wajerumani walikuwa tayari na vifaru vichache vya Panther vilivyofungwa taa na darubini za infraredi. Magari ya kiraia yalisubiri hadi Cadillac DeVille ya mwaka 2000, iliyokuwa na kamera ya joto kutoka Raytheon na picha nyeusi na nyeupe iliyorushwa kwenye kioo mbele ya dereva, kwa nyongeza ya kiasi cha dola 2,000 hivi. Wateja hawakuichangamkia, na baada ya miaka michache Cadillac iliiondoa. Toyota ilichukua njia ya kumulika mwaka 2002 kwenye Land Cruiser Cygnus. Honda ilifuata mwaka 2004 na Legend iliyoweza kumtambua mtu na kumwonya dereva, na mwaka 2005 Mercedes na BMW zikagawana njia: Mercedes ikamulika, BMW ikapokea joto.

Naikumbuka Cygnus kwa sababu ni gari tunalolijua. Land Cruiser za aina hiyo zimeingia Afrika Mashariki kama mitumba kutoka Japani, sawa na Toyota Crown, ambayo toleo lake la mwaka 2008 liliuzwa Japani likiwa na mfumo wa kuonyesha mtembea kwa miguu usiku kama nyongeza ya hiari. Haitanishangaza kama mmoja wa wamiliki wa Crown wanaojigamba kwa viti vya ngozi katika foleni za Dar es Salaam ana kamera hiyo mbele ya gari lake, iliyonyamaza nyuma ya menyu ya Kijapani ambayo hakuna aliyewahi kuifungua. Mitumba hutuletea teknolojia bila kitabu cha maelekezo.

Swali la Mafia ni la hali ya hewa kabla ya kuwa la fedha. Kamera ya joto haioni joto lenyewe. Inaona tofauti ya joto. Paa wa porini Ujerumani, usiku wa baridi ya nyuzi mbili au tatu, anawaka kwenye kioo kama taa. Mafia mwezi wa Februari, baada ya magharibi, hewa inaweza kuwa na nyuzi 28, na lami iliyopigwa jua tangu asubuhi bado ina joto kuliko ngozi ya anayetembea juu yake. Uso wa nguo za mtu nao uko kwenye nyuzi 30 na kidogo. Tofauti hupungua, na kuna saa ambapo inageuka: barabara inang'aa nyeupe na mtu anakuwa kivuli cheusi juu yake. Kamera za leo zinaweza kupambanua tofauti ya sehemu ndogo sana ya nyuzi moja, kwa hiyo macho yao hayakosi. Kinachokosa ni programu inayoitafsiri picha, kwa kuwa ilifundishwa kwamba mtu ni kitu cheupe juu ya kitu cheusi. Vitabu vya maelekezo vya baadhi ya magari ya Ulaya vinakiri kwamba alama ya kumtambua mtu hufanya kazi kukiwa na baridi kiasi, na kwamba hewa ikifika nyuzi 28 hivi haitegemewi tena. Nyuzi 28 kwa Mafia ni jioni ya kawaida ya kaskazi.

Mvua huongeza lake. Unyevunyevu wa pwani peke yake hauathiri sana katika umbali wa mita mia moja au mbili, lakini mvua ya masika hulowesha lami, majani, nguo na ng'ombe kwa maji yaleyale na kuvifanya vyote vikaribiane joto. Na kuna vitu ambavyo kamera hii haivioni vizuri hata hali ya hewa ikiwa nzuri. Mnazi ulioangushwa na upepo ukalala barabarani una joto la hewa inayouzunguka, ndivyo ilivyo kwa shimo na kwa kipande cha jiwe. Kwa kisiwa cha minazi, upofu wa namna hiyo si jambo dogo. Kamera ya kumulika ingeuona mnazi, ila nayo hulemewa na mwanga wa gari linalokuja mbele, na siku hizi kila bodaboda ya pili imefungwa taa nyeupe kali zinazoelekezwa machoni mwa watu.

Si mara ya kwanza kwa kisiwa hiki kukichosha chombo cha kuonea kilichotoka nchi za baridi. Mwishoni mwa 1914 meli ya kivita ya Ujerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji, ng'ambo ya Mafia, mahali ambapo darubini za Waingereza baharini hazikufika. Waingereza wakakiteka kisiwa Januari 1915 na kuleta ndege ili zitazame kutoka juu. Ndege mbili za majini za Sopwith zilizopelekwa kisiwa cha Nyororo, katika funguvisiwa hilohilo, ziliteswa na joto: gundi na mbao zilianza kulegea, na katika hewa nyepesi ya moto hazikuweza kupanda ipasavyo. Ndege zilizoletwa baadaye, zikiruka kutoka uwanja uliosafishwa Mafia kwenyewe, ndizo zilizowaelekeza wapiga mizinga, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikamalizwa. Ilibidi chombo kibadilishwe ndipo mahali pakubali. Naona kamera za magari bado ziko kwenye hatua ya Sopwith.

Mfano mzuri wa infraredi iliyofanya kazi kwenye gari Afrika Mashariki upo, ila unapaswa kusomwa kwa uangalifu. Mwaka 2016 shirika la WWF, kwa kushirikiana na kampuni ya FLIR, liliwapa askari wa wanyamapori wa Maasai Mara kamera za joto zilizofungwa juu ya gari lao la doria. Ndani ya miezi michache majangili zaidi ya 20 walikamatwa, watu ambao awali walitegemea giza kama ukuta. Habari hiyo ilienea, na wengi walitoka nayo wakiamini kwamba kinachoweza kumwona jangili kinaweza kumwona mpita njia. Lakini Mara iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Nyasi hupoa haraka, mtu akabaki anawaka. Pia askari wa Mara husimamisha gari kilimani. Mmoja hukaa mbele ya kioo na kuzungusha kamera taratibu, akiwa na dakika nzima za kuuliza kama kile ni fisi au mtu aliyeinama. Dereva wa Utende hana dakika. Kazi ya kutafuta na kazi ya kuendesha ni kazi mbili, na kamera hii imeumbwa zaidi kwa ile ya kwanza.

Kwa dereva, tatizo linahama kutoka kwenye kuona kwenda kwenye kuamua. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lililojiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Halikuwa na kamera ya joto, lakini halikuwa kipofu: uchunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ulibaini kwamba vihisi vyake vilimnasa zaidi ya sekunde tano kabla, ila programu ikawa inabadilisha mawazo, mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila ilipobadilisha ilianza upya kukisia anakokwenda. Mtu anayesukuma baiskeli yenye mizigo usiku ni picha ya kila siku kwenye barabara ya Kilindoni. Ongeza ndoo, ongeza kanga iliyofunika mabega na kichwa, ongeza mtoto mgongoni, halafu jiulize ni programu gani iliyofundishwa umbo hilo.

Sheria huko nje zinasukuma mbele. Aprili 2024 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitangaza kanuni inayotaka magari mapya madogo yawe na breki za kujishika zenye kumtambua mtembea kwa miguu mchana na usiku ifikapo Septemba 2029. Kanuni haikuamuru kamera ya joto, lakini watengenezaji wa kamera hizo walifurahi, kwani kamera za kawaida hushindwa gizani: utafiti wa taasisi ya IIHS ya nchi hiyohiyo uliotolewa 2022 ulikuta kwamba mifumo ya wakati huo haikuleta tofauti yoyote kwenye barabara zisizo na taa. Hata kanuni ikisimama, tukumbuke safari ya mtumba. Gari linalotoka kiwandani 2029 hufika Dar es Salaam likiwa na miaka minane au kumi, na hufika Mafia, kwa kivuko cha MV Kilindoni kutoka Nyamisati, likiwa limeshapitia fundi kadhaa waliong'oa waya wasiouelewa. Kufikia hapo, mtoto anayezaliwa leo Kirongwe, hapo kisiwani, atakuwa yumo sekondari.

Kuhusu wanyama, hoja inabadilika kidogo. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na vibao vya faini kwa kila mnyama anayegongwa vinaonyesha ukubwa wa tatizo. Kwa lori la mizigo linalopita Mikumi saa tisa usiku wa Julai, nyasi zikiwa zimepoa, kamera ya joto ingekuwa na maana, na mwenye lori lenye shehena ya mamilioni anaweza kuigharamia. Mafia nayo ina mnyama wake mkubwa, kundi dogo la viboko wanaosadikika kuvuka kutoka delta ya Rufiji, wanaotoka usiku kula, na ambao wakulima wa mpunga wanawafahamu vizuri kuliko ninavyowafahamu mimi. Hata hapo kuna mtego: kiboko anapotoka majini ngozi yake imelowa, na maji yanapokauka huipoza, hivyo kwa muda kidogo mnyama wa tani nzima anaweza kufifia kwenye kioo cha kamera. Ng'ombe ni rahisi zaidi. Isipokuwa kwamba ng'ombe ana mwenyewe, na kamba ni rahisi kuliko kamera.

Hapo ndipo mjadala unaporudi kwenye vitu vya bei ndogo, na nakiri kwamba vinachosha kuvisikia. Fulana za reflekta. Stika za kuakisi mwanga kwenye magurudumu na kwenye pedali za baiskeli, ambazo kwa kuwa zinapanda na kushuka humwambia dereva mara moja kwamba kile ni kiumbe. Kuziweka taa za gari sawa, maana taa iliyoinuliwa juu kwa kuwa gari limebeba mzigo nyuma humulika minazi na kumpofusha mwenzako. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inagusa karibu yote haya. Taa ya bodaboda nyingi za bei nafuu hufifia injini inapopungua kasi, kwa hiyo dereva anapopunguza mwendo kwa sababu haoni, ndipo anapozidi kutoona. Fundi yeyote Kilindoni anaweza kulirekebisha hilo kwa kuihamishia taa kwenye betri.

Hata reflekta, hata hivyo, imeanza kugombana na mashine. Januari 2025 IIHS ilitoa matokeo ya kulivalisha sanamu la mtu nguo zenye mistari ya kuakisi na kulipitisha mbele ya magari matatu yenye breki za kujishika. Mawili kati ya matatu hayakupunguza mwendo mbele ya sanamu lililovaa mistari hiyo. Mistari inayomwokoa mtu mbele ya jicho la dereva ilikuwa imeivuruga kompyuta. Na mbele ya kamera ya joto reflekta haina kazi yoyote, kwani yenyewe haitoi joto la ziada. Ninalitaja hili kwa sababu kuna hatari ya mpango wa serikali au wa mfadhili kununua vyote viwili, fulana kwa maskini na kamera kwa magari ya ofisi, na kudhani vinasaidiana.

Linalonikera zaidi katika matangazo ya teknolojia hii ni kwamba manufaa yote yanakaa upande mmoja wa kioo. Mwenye gari huona zaidi, huenda haraka zaidi kwa kuwa anaona zaidi, na anayetembea hana njia ya kujua kama gari linalomjia lina kamera au halina. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 1.19 vya ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu ni vya watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na waendesha pikipiki. Hao ndio wanaotawala barabara za Mafia kwa idadi. Kipimo cha mfumo wowote kisiwani kingekuwa unamfanyia nini mtu asiye na gari, na kwa kipimo hicho matuta mawili kabla ya shule na taa tano za sola kwenye njia panda zinaishinda kamera ya dola elfu moja kwenye gari la hoteli. Gari moja tu ningeliachia kamera bila ubishi: la wagonjwa, linalotoka Bweni, kaskazini kabisa ya kisiwa, kwenda hospitali ya wilaya usiku wa manane kwenye udongo, ambako lami haijafika na dereva hana hiari ya kusubiri kukuche. Saa hizo ardhi imepoa, na kamera inafanya kazi inavyotakiwa.

Nusu iliyo kweli iko baharini. Yale yanayoikwamisha kamera ya joto barabarani, majani, lami yenye moto, kuta, wanyama, mawe, hayapo juu ya maji. Bahari kati ya Mafia na bara huwa na nyuzi 25 hadi 29 kutegemea msimu, na usiku kucha haibadiliki sana. Juu ya uso wa namna hiyo ulio sawa, kichwa cha mtu chenye nyuzi 33 au 34 ni doa linalojitenga. Kamera haipenyi maji hata kidogo, mawimbi hayo humezwa na tabaka jembamba kuliko kucha, kwa hiyo haiwezi kumwona papa potwe anayepita chini ya boti, wala mtu aliyezama. Inamwona anayeelea, na hiyo ndiyo kazi.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Walionusurika walielea kwa saa nyingi wakishikilia magodoro na chochote kilichoelea, wakisubiri mchana ili waonekane. Mamia hawakuufikia. Vyombo vinavyokwenda Mafia ni vidogo kuliko ule, lakini ni vingi, na si vyote vinavyosubiri asubuhi. Chombo kikipinduka saa nne usiku, leo hii waokoaji hutoka na tochi, na tochi hurudisha mng'ao wa mawimbi machoni mwa anayeishika.

Kamera ya joto ya mkononi sasa hupatikana kwa bei iliyo chini ya injini ya boti ya farasi 40. Chumvi ni adui yake, na lenzi hutaka kusuuzwa kwa maji baridi kila irudipo. Kipindi cha kusi, bahari ikichafuka, mawimbi humficha mtu nyakati nyingi zaidi kuliko yanavyomfichua. Lakini boti za doria za Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, zinatoka tayari, zina wahudumu, zina mafuta. Na kamera ileile inayotafuta wavuvi haramu usiku hutafuta pia walioanguka majini. Umbali ndio kikwazo kinachobaki. Kichwa ni kitu kidogo, na kamera ya mkononi hukipata ndani ya mita mia kadhaa tu, hivyo boti ni lazima ianzie mahali palipo karibu na sahihi. Hilo analijua nahodha wa Kilindoni au Jibondo anayeweza kusema, kwa saa ya ajali na siku ya mwezi, maji yanayopwa yamewachukua watu upande gani wa mlango wa Rufiji. Mafunzo ya kamera kwenye boti ya doria yangepaswa kuanza na yeye akiwa ndani.